Watu wa Milimani Hawatupi Dadu

Nyumba ya walimu ilikuwa na vyumba viwili, bati lililotoboka mahali patatu, na meza moja iliyojaza chumba cha mbele hadi ukitaka kupita unapita ubavuubavu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, karibu na soko la Nyaramba, kwenye shule ya harambee ambayo wazazi waliijenga kwa matofali yao wenyewe. Mimi nilikuwa mwalimu asiye na cheti, nikifundisha Kiswahili na historia, kwa hiyo mwalimu mkuu alinipa chumba cha nyuma. Cha mbele, chenye meza na dirisha, alimpa mwalimu mgeni wa hesabu, Mwingereza aliyekuja kujitolea kwa miaka miwili. Alikuwa mrefu, mwenye miwani, na hakujua kupika hata yai.

Masika ya mwaka ule yalitufungia ndani. Barabara ikageuka tope, magari yakaacha kuja, na kila alasiri mawingu yalishuka juu ya mashamba ya chai hata usione choo kilipo. Jumamosi nilikwenda kanisani, maana kwetu ni Wasabato. Jumapili sikuwa na pa kwenda. Nilikaa kitandani nikisikiliza matone yakianguka kwenye sufuria, nikimchukia mwalimu mkuu, nikiichukia mvua, na mgeni nikimchukia kidogo.

Jumapili moja alinigongea. Alikuwa ametandika blanketi la kijani juu ya meza na kupanga vitabu chini yake, vikawa milima. Juu ya milima ile alisimamisha askari wa madini ya risasi, kila mmoja urefu wa kidole, wamepakwa rangi hadi vifungo vya makoti. Alikuwa na rula ya kupimia mwendo na dadu za kuamua nani anakufa. Mimi niliyelelewa kuamini kwamba sanamu ni dhambi na dadu ni dhambi kubwa zaidi, nilivuta kiti nikakaa. Uchovu wa kukaa bure ni mshawishi mbaya.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa vita, lakini si vita vya kweli. Mataifa yake aliyatunga mwenyewe, na alikuwa akiandika kitabu cha kanuni ambacho rafiki yake huko kwao, mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, alikuwa ameahidi kukichapisha. Nilimuuliza ameyatoa wapi.

"Hakuna taifa la kubuni lisilo na babu," alinijibu kwa Kiswahili chake cha darasani, kilichonyooka mno hata akina mama wa sokoni walikicheka. Akanionyesha mmojammoja. Wale wenye ngao za mraba, waliotembea kwa hatua moja, babu zao ni Warumi. Wale wa farasi, waliojifanya kukimbia kisha wakageuka na kurusha mishale, babu zao ni Wamongolia. Wale wa mashua ndefu walitoka kwa maharamia wa zamani wa kaskazini ya Ulaya. Alibadilisha majina na kofia tu, mengine akayaacha yalivyokuwa.

"Nimebakiza watu wa milimani," alisema. "Hao sijapata babu yao."

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Nilimwambia kwamba babu yao yupo, ni babu yangu mimi, anakaa upande wa pili wa Marani, na kwamba babu zake yeye mgeni ndio waliokuja kumpiga kwa bunduki huku wetu wakiwa na mikuki. Alishangaa. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Nami nilikuwa na hasira ya miaka, maana kitabu cha historia nilichofundishia kilivipa vita vile nusu ya mstari. Nikajaza iliyobaki mwenyewe: nikamwambia watu wetu Wagusii walisimama wote, hakuna aliyegeuza kisogo, hata mmoja. Nani aliniambia hayo? Hakuna. Niliyataka tu.

Mvua ilipopumua tulikwenda kumwona babu. Alikuwa amepita miaka themanini, mkavu, mwenye koti zito la jeshi lililochakaa na kichupa cha ugoro. Pasta alikuwa ametaka kumbatiza mara nne, na mara zote nne wakashindana juu ya kichupa kile. Katika nyumba ya jirani aliishi bibi kizee, mjane wa binamu yake. Alitusalimu kutoka upande wake wa ua, akauliza habari za mvua, lakini hakuingia. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona akila kitu kwa babu, na nilidhani ni tabia ya uzee.

Babu alijua Kiswahili kidogo. Alikiokota alipochukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani, na alikitumia kwa mbwa na kwa watu wa kodi. Aliposikia mgeni anataka habari gani, aliniambia kwa Ekegusii, lugha yetu, "Habari ya ndugu yangu siwezi kuisema kwa lugha ya mzigo. Mimi nitasema, wewe utamfasiria."

Akasema. Alikuwa ametoka jandoni karibuni, akichunga ng'ombe pamoja na ndugu yake mkubwa, ambaye jina lake ndilo langu la nyumbani. Waingereza walikuja kuwachukua ng'ombe. Vijana wakapanda kilima na ngao zao, wakiamini ngao ya ngozi ya nyati inazuia kila kitu. Bunduki yao haikulia kama bunduki nyingine. Ililia kama mvua ya mawe juu ya majani makavu ya mgomba, haikomi. Waliokuwa mbele walilala chini, naye akafikiri wanajificha. Ndugu yake alipigwa pajani. Babu akajaribu kumwinua, akashindwa.

"Akaniambia, 'Kimbia. Ng'ombe wafike kwa mama. Sitaki tuishe wote.' Nikatupa ngao, nikakimbia. Nililala ndani ya matete ya mto mpaka jua likazama. Nilifika nyumbani na ng'ombe wanne, bila yeye."

Mama yao hakula tena chakula kilichotoka nyumbani kwa babu mpaka alipokufa. Nyumba ya binamu ikamuunga mkono. Nyuma ya mgongo wake walimwita omoisia, yaani mvulana ambaye hajatahiriwa, na kwetu hakuna tusi la mwanamume linalozidi hilo. Hakuwahi kujitetea. Nani angemwamini aliyekimbia, tena shahidi wake amezikwa?

"Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza," alisema. "Huyu ndiye wa kwanza, na ana kalamu. Mwambie aandike lile neno. Kimbia. Aandike kwamba niliambiwa."

Mgeni alinigeukia, kalamu ikiwa tayari. Nilihisi masikio yakiniwaka. Nilikuwa nimejigamba wiki tatu kwamba hakuna aliyegeuza kisogo, na sasa aliyegeuza kisogo ni babu yangu mwenyewe. Nikasema, "Anasema hakuna aliyerudi nyuma. Ndugu yake alianguka mbele, naye alibaki kando yake mpaka mwisho."

"Alinusurikaje, basi?"

"Walidhani amekufa."

Mgeni akaandika, akaandika, akageuza ukurasa. Babu aliitazama kalamu inavyokwenda. Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke, na tulipoaga alimshika mgeni mkono kwa mikono yake miwili. Mimi nilitazama kuku.

Wiki iliyofuata tulikwenda Suneka, tukapata mchongaji wa mawe laini ya Kisii, yale ambayo watalii huyanunua yakiwa vinyago vya viboko na vyombo vya maua. Mgeni aliagiza watu thelathini, urefu wa kidole, na mikuki na ngao. Mchongaji alitutazama kana kwamba tumetoroka hospitali ya wendawazimu, akauliza, "Na hawa wanapigana na nani?" Lakini alichonga vizuri. Walitoka weupe wenye mshipa wa waridi, na kila mmoja alikuwa na uso wake.

Sasa nieleze kanuni, maana ndiyo iliyonifunga. Katika mchezo ule, kikosi kikipoteza nusu ya watu wake, mwenye kikosi hutupa dadu kupima moyo wa waliobaki. Dadu zikiwa mbaya, wanakimbia. Watu wa milimani, kwa heshima ya babu yangu, waliandikiwa kanuni yao peke yao: hawatupi dadu. Hawakimbii kamwe. Wanasimama walipo.

Mgeni alidhani amenipa zawadi. Kila Jumapili alinipa mimi watu wa milimani, na kila Jumapili niliwatazama wakifa. Kumbe kukimbia kuna faida. Warumi wake walikimbia, wakajikusanya nyuma ya kilima, wakarudi. Wamongolia wake walikimbia kwa makusudi. Wangu walisimama mahali pamoja wakipunguzwa mmojammoja, nami nikiwaondoa kwenye blanketi na kuwalaza kwenye kisahani cha chai. Sikuweza kuwasogeza. Zamu ya tano au ya sita nilikuwa nakaa tu, mikono mapajani, nikisubiri kumalizwa, na mvua inapiga bati.

Wanafunzi wakasikia. Mgeni aliwaonyesha mchezo, akawaeleza babu wa taifa lile ni nani, na wavulana wakavimba vichwa. Uwanjani wakawa wanaimba, "Hatutupi dadu! Hatutupi dadu!" Mwalimu mkuu alilitaja jambo hilo mbele ya wazazi, wazee wakapiga makofi. Wiki hiyohiyo nilikuwa nafundisha methali. Niliandika ubaoni: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nikawaeleza maana yake vizuri sana, nikafuta ubao, nikaenda kunywa chai.

Mara mbili nilijaribu kumwambia mgeni. Mara ya kwanza alikuwa anapaka rangi ngao ya yule wa mbele, na akanisimulia kwamba baba yake alipigana katika vita vya pili lakini hakutaka kusema lolote, na kwamba anamwonea wivu mtu mwenye babu kama wangu. Nikamsogezea rangi. Mara ya pili niliufungua mdomo, nikaomba kibiriti.

Huku babu naye alinitumia ujumbe kwa akina mama wa ndizi waliokuja soko la Nyaramba. Ujumbe ulikuwa mmoja: lile neno limeandikwa? Nami nilijibu kwa akina mama haohao: limeandikwa. Nilijua kwamba mgeni ataituma kazi yake kwa posta mwisho wa muhula, na kwamba ikishatumwa, maji yakimwagika hayazoleki. Nilihesabu siku. Hapo ungedhani nilikuwa najiandaa kusema. Sivyo. Nilikuwa nasubiri kuchelewa, ili nisilazimike tena.

Babu hakusubiri. Jumapili moja, wiki moja baada ya bahasha kubwa kwenda posta, lori la ndizi lilisimama njiani, akashuka na koti lake na fimbo. Alikuja kusikia neno lake likisomwa. Mgeni alifurahi kupita kiasi, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe mbele ya meza, ambapo watu wa milimani walikuwa wamesimama kwenye zamu ya nne, wamebaki kumi na mmoja.

Babu aliwatazama kwa karibu. Hakushangaa kama nilivyotarajia. "Yupi ndugu yangu?" aliniuliza kwa Ekegusii.

Nikamwonyesha wa mbele.

"Na mimi?"

Nikamwonyesha aliyesimama kando yake.

"Hapo nafanya nini?" aliuliza. "Mimi nilikuwa kwenye matete."

Akanyoosha mkono, akamchukua yule mtu wa jiwe taratibu, akamtia mfukoni mwa koti. Mgeni akatabasamu, akamwambia kwa adabu zake zote, "Samahani, mzee. Watu hawa hawaruhusiwi kuondoka."

Babu alinigeukia nifasiri. Nikashindwa. Alinitazama usoni, na nadhani hapo ndipo alipoelewa, maana aliniacha nilivyo akamgeukia mgeni, akaitumia ile lugha ya mzigo aliyokataa kuitumia kwa jambo hilo.

"Wewe mwalimu, sikia. Mimi nakimbia. Bunduki nalia, mimi nakimbia. Ndugu yangu nasema: kimbia. Yeye nasema. Wewe naandika hiyo?"

Mgeni alinitazama. Sijawahi kusahau uso ule, ingawa hakusema lolote baya. "La, mzee," alijibu. "Sikuandika hivyo. Sikuambiwa hivyo."

Nilitamani meza inimeze. Babu alisimama, akajifunga koti. Hakupaza sauti. "Nilimwacha mara moja," aliniambia kwa lugha yetu, "kwa sababu aliniambia nimwache. Wewe umemwacha kila Jumapili, na hakuna aliyekutuma."

Hakukubali chai. Lori liliporudi alipanda mbele, na mtu wangu wa jiwe mfukoni.

Mgeni alimwandikia rafiki yake mchapaji barua siku ileile. Kesho yake tulitembea pamoja kwenye tope hadi tukapata gari la kwenda mjini, akaituma kwa ndege. Njiani aliniuliza kwa nini, nami nikamweleza kuhusu jando na kuhusu lile tusi, na kuhusu jina langu. Alisema ameelewa. Sidhani alielewa, nami sikuwa na haki ya kumdai. Hatukucheza tena. Muda wake ulipokwisha aliniachia meza, blanketi, na watu wa jiwe ishirini na tisa.

Kitabu kilikuja baadaye sana, wakati ambapo babu alikuwa hatoki tena kitandani. Kilikuwa chembamba, na ndani yake mgeni alikuwa ametia karatasi: barua yake ilichelewa njiani, ikafika baada ya kazi kuchapwa, watarekebisha wakichapisha tena. Nilifungua ukurasa wa watu wa milimani. Hawatupi dadu. Hawarudi nyuma. Chini yake alinishukuru mimi, mjukuu wa mtu aliyesimama mpaka mwisho.

Kabla sijajua nifanye nini, habari zilikuwa zimefika Marani kwamba kitabu kimetoka Ulaya. Shangazi yangu, binti mkubwa wa babu, aliyekua akisikia lile tusi likinong'onwa visimani, aliwaita watu. Nilipofika niliwakuta wamejaa hadi uani, adhuhuri, na yule bibi kizee wa jirani amesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Babu alikuwa ameegemezwa ukutani. Mtu wa jiwe alikuwa kwenye kigoda kando ya ugoro.

"Soma," alisema babu.

Hakukuwa na mwingine mle ndani aliyejua Kiingereza. Nilishika kitabu, macho yakiwa kwenye maneno yaleyale niliyoyasababisha, nikasoma kwa Ekegusii kitu ambacho hakikuwamo. Nilisoma kwamba palikuwa na ndugu wawili kilimani, na bunduki iliyolia bila kukoma. Kwamba mkubwa alipigwa pajani. Kwamba alimwambia mdogo wake, kimbia, ng'ombe wafike kwa mama, sitaki tuishe wote. Na kwamba mdogo alimtii ndugu yake.

"Akamtii," alisema babu. "Wameandika hivyo?"

"Wameandika hivyo."

"Rudia."

Nilirudia mara tatu. Nilichunga nisibadilishe hata neno moja, ili wasijue kwamba sisomi. Niliponyamaza, yule bibi aliingia. Alikaa kwenye mkeka, akajivuta, akamwambia shangazi kwamba kama kuna uji angekunywa. Shangazi alimletea kwa mikono miwili. Tulimtazama akinywa kibuyu kizima, na babu alimtazama kuliko sisi sote.

Babu alizikwa kabla ya mavuno. Mtu wa jiwe tulimweka mfukoni mwa koti.

Lakini kitabu nilibaki nacho. Hakikuchapishwa tena. Nimekifungia kwenye sanduku la bati tangu siku ile, na ufunguo natembea nao, maana watoto wa ukoo wetu walisoma, wote wakajua Kiingereza, na wote wamekulia kwenye habari kwamba neno la babu liko kitabuni. Wameniomba niwaonyeshe. Nimesema kimeliwa na mchwa, nimesema nimemwazima mtu, nimesema kesho. Binti yangu alipokuwa chuoni aliniambia ataandika kwa wachapaji wenyewe, nikamkemea kwa ukali ambao hakuuelewa. Nimezeeka nikilinda vijikurasa vichache kwa bidii kuliko wengine wanavyolinda shamba. Wakikisoma, bibi yule atakuwa amekunywa uji wa uongo, na babu atarudi kuwa omoisia.

Sina mahali pa kurudi nyuma, wala dadu za kutupa. Kwa hiyo naandika mwenyewe, kwa mkono wangu, ili atakayelifungua sanduku nikiwa sipo akikute kitabu na maandishi haya juu yake. Ndugu yake alimwambia: kimbia. Naye akamtii. Sasa limeandikwa.